Ukucha wa Shawali

Tangu Kulthum afiwe na mumewe mwaka wa 1951, alirudi kukaa na kaka yake Jamaludin katika nyumba ya marehemu baba yao, Langoni, Amu. Jamaludin alikuwa fundi wa cherehani na hakuoa tena baada ya mkewe wa kwanza. Nyumba ilikuwa ya watu wawili na paka mmoja, Shawali, aliyepewa jina hilo kwa kuwa aliokotwa siku ya Idi, miaka kumi na saba nyuma.

Kila asubuhi, wakila mkate wa mofa kwa chai, walipeana habari za miili yao. Kulthum ndiye aliyeanza. Goti la kulia lilimnyima usingizi, jino la nyuma lilikuwa linacheza, na akipanda ngazi pumzi ilimbana. Jamaludin alikuwa na machache: mgongo, na mguu wa kushoto uliokufa ganzi.

"Ni hii cherehani," alisema kila mara. "Miaka ishirini nakanyaga chuma."

Juu ya kifundo cha mguu huo palikuwa na baka lililopauka kuliko ngozi yake, mapana ya kiganja cha mtoto. Walisema ni mba. Kulthum alilipaka mafuta ya simsim kila Ijumaa.

Habari za Shawali zilikuja mwisho nazo ndizo zilizochukua muda. Amekula nusu kichwa cha samaki changu akatapika ngazini. Amekunywa maji ya birika mara nne. Mato yameota utando. Kucha zake zilikuwa zimekomaa, nene na zilizopinda, haziingii tena ndani kama za paka kijana, na akitembea zilikwama kwenye mkeka hata ikabidi aje mtu kumnasua.

Siku moja mwezi wa Mei mwaka wa 1956, baada ya sala ya adhuhuri, Jamaludin alikuwa anashona kanzu na Shawali amelala juu ya mguu wake wa kushoto, kama alivyozoea. Kulthum alishuka ngazi na sinia la vikombe. Likamponyoka. Kishindo kilikuwa kikubwa na paka akaruka.

Kulthum aliinama kuokota vigae, na hapo chini akaona kwamba paka hakufika popote. Alikuwa amening'inia. Ukucha mmoja wa mkono wake ulikuwa umezama katika mguu wa Jamaludin, karibu na kidole gumba, na kila alipojivuta ngozi ya mguu ilivutika pamoja naye. Damu ilikwisha kufika kwenye kanyagio. Kanyagio lilikuwa likipanda na kushuka. Jamaludin alikuwa anashona.

"Kaka," alisema Kulthum. "Simama."

"Nimalize pindo hili."

"Kaka, tazama mguu wako."

Jamaludin alitazama. Alikaa vile kwa muda, mkono ungali juu ya kitambaa, kama mtu anayetazama mguu wa jirani. Kisha akainama akamnasua paka taratibu. Shawali ndiye aliyelia.

"Haukuniuma," alisema.

Kulthum alicheka kidogo, kwa kutojua la kufanya. Alimfunga mguu kwa kitambaa. Halafu akachukua sindano kwenye mto wa cherehani.

"Fumba mato. Nikikudunga, sema."

Jamaludin alifumba. Kulthum alimdunga juu ya kifundo, katikati ya baka. Akangoja. Akaisukuma ndani zaidi, kisha akaiachia, na sindano ikasimama peke yake katika nyama ya kaka yake.

"Mbona hunidungi?" aliuliza Jamaludin.

Jamaludin akafumbua mato.

Asubuhi ya pili alikwenda peke yake hospitali ya serikali. Ridhwani, dresa wa kufunga vidonda na kutoa dawa, alimgusa mguu kwa pamba, akamshika nyuma ya goti, akaupapasa mshipa uliovimba kama kamba.

"Bwana Jamaludin, baka hili lina muda gani?"

"Miaka miwili. Ni mba."

"Si mba. Ni ukoma."

Jamaludin aligeuka kutazama nyuma yake, kuona ni nani anayeambiwa. Palikuwa na mlango tu. Utotoni aliwahi kumwona mtu wa maradhi hayo kijijini Mokowe, amejengewa kibanda mbali na nyumba, na chakula chake kinawekwa juu ya jiwe.

"Utanipeleka wapi?"

"Nyumbani kwako. Siku hizi kuna vidonge, mara mbili kwa juma, miaka mitatu au zaidi. Ganzi ya mguu huenda isiondoke. Lakini ugonjwa hautaendelea mbele."

"Na paka? Hulala juu yangu."

"Paka hapati maradhi haya. Nani mwengine mnaishi naye?"

"Dada yangu."

"Njoo naye nimtazame."

Alipofika nyumbani hakuingia. Alikaa kwenye baraza ya daka, nje ya mlango, akamweleza Kulthum akiwa hapo hapo. Kulthum alisikiliza amesimama, kisha akakaa kwenye ngazi, kisha akasimama tena.

"Ingia. Wali unapoa."

Jamaludin aliingia, akachukua sahani akajipakulia wali wake mbali. Kulthum aliiondoa mbele yake, akaumwaga wali wote katika sinia moja, akaanza kula.

Siku ya tatu walikwenda pamoja. Kulthum alikwenda kwa ajili ya kaka yake tu. Nyuma ya pazia, mkunga Swafiya alimwambia avue buibui na gauni mpaka kiunoni, na Kulthum akawa anampa habari zake: goti, jino, pumzi.

"Mimi naumwa kila mahali," alisema. "Kama ningekuwa na ugonjwa, ningeujua."

Swafiya alikuwa nyuma yake, akiutazama mgongo. Kisha akamfunika shuka, akatoa kichwa nje ya pazia akamwita Ridhwani.

"Goti langu liko huku mbele," alisema Kulthum.

Mabaka yalikuwa manne, chini ya mabega, mahali ambapo mtu hawezi kujiona wala hana sababu ya kujigusa. Walimpitishia pamba juu yake naye hakujua kama wanamgusa au wamekwenda zao. Ridhwani alisema yanaonekana ya zamani kuliko la kaka yake.

"Basi mimi ndiye niliyempa," alisema Kulthum.

"Hilo hakuna anayeweza kulijua, Bi Kulthum."

Lakini yeye aliona amelijua. Alivaa nguo zake vibaya, upande wa ndani nje, na Swafiya akamvua akamvika upya.

Wakatoka. Ndia nzima Kulthum alitembea hatua tatu nyuma ya kaka yake.

"Umesikia alivyosema Ridhwani," alisema hatimaye.

"Nimesikia. Twende upesi, sokoni samaki wanakwisha na Shawali hajala."

Jamaludin hakulizungumza tena jambo hilo, siku hiyo wala baadaye.

Walimeza vidonge vyao Jumatatu na Alhamisi. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa, na mmoja wao, Obeid, aliyekuwa rafiki, hakurudi kabisa. Wengine waliendelea kuleta. Jamaludin alijifunza kukanyaga kwa mguu wa kulia na kuukagua wa kushoto kila jioni. Kulthum alikuwa akimkata Shawali kucha kwa mkasi wa kitambaa, mpaka mwezi wa Oktoba, paka alipokwenda kujilaza chini ya ngazi na asiamke. Walimzika uani. Jamaludin hakushona siku mbili.

Mwaka wa 1959 Swafiya alimwambia Kulthum mabaka yamefifia. Kulthum hakuamini, basi mkunga akaleta vioo viwili, kimoja akampa mkononi na kingine akakishika mwenyewe nyuma. Kulthum alishtuka hata kioo kikataka kumponyoka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili na hajapata kuuona mgongo wake.

"Ni wa mama," alisema. "Swafiya, huu ni mgongo wa mama, ule nilioukanda alipozeeka."