Dubu Uani kwa Maktaba

Kila majira ya baridi, shamba likiwa limefunikwa na theluji, Leontina alishuka kilimani asubuhi hadi maktaba ya mji, akaketi kando ya jiko la kuni na kusoma mpaka wafunge. Wenzake walilitamani joto. Yeye alilihofia, maana theluji ikiyeyuka tu, jembe lingemwita.

Ndiyo maana siku ya dubu, mapema Februari, aliamka na furaha ya kitoto. Wazee husema siku hiyo dubu hutoka pangoni. Akikiona kivuli chake hushtuka, akarudi kulala, na baridi ikaendelea siku arobaini. Kukiwa na mawingu, baridi imekwisha. Na leo jua lilikuwa kali.

Sofronie, dereva mstaafu aliyezoea kusoma magazeti maktabani meza ya jirani, alimcheka. "Dubu wa siku hizi hana habari na kivuli, mama. Anatafuta majalala."

"Cheka tu. Kuni zako zikiisha usije kwangu."

Mara Viorica, mkutubi, akawaita dirishani kwa mnong'ono. Uani, chini ya mtofaa ambako yeye huwatundikia ndege mbegu, alisimama dubu mzima mzima. Viorica akakomea mlango, akawapigia simu askari wa misitu. Leontina alibandika pua kwenye kioo.

Dubu alivuta tawi, akamwaga mbegu, akazifagia zote kwa ulimi. Kisha akajitokeza juani. Kivuli chake kikalala juu ya theluji, kirefu, cheusi. Akainamisha kichwa. Dubu akapiga chafya, akageuka, akauparamia ukuta na kushika njia ya msituni.

"Amekiona!" Leontina alipiga makofi.

"Ameshiba huyo," Sofronie akasema, lakini hakuondoka dirishani.

"Ameshiba, na kukiona amekiona."

Leontina alishindwa kutulia. Alimwomba Viorica lile buku nene la hadithi alilolikwepa tangu vuli, akihofia msimu wa kupanda ungemkuta katikati. Sasa siku alikuwa nazo. Kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kutoka, akawasomea kwa sauti. Sofronie alikunja gazeti, akasogeza kiti, halafu akakisogeza tena.

Askari walipogonga, Sofronie ndiye aliyefungua mlango kidogo, akawaambia dubu kaenda zake, na kama hawana haraka wasubiri sura iishe.