Sindano ya Chini ya Goti

Fundi cherehani yule alikuwa ameshona nguo za mtaa mzima, lakini sindano ikielekezwa kwake mwenyewe, alikuwa mwoga kupita kiasi. Ndiyo maana mtaalamu wa akupancha, tiba ya kuchoma sindano ili kutuliza maumivu, alipofika wodini na boksi lake, fundi alikuja juu.

"Mimi ndiye huwa nachoma," alisema. "Sichomwi."

"Wifi, acha maringo," dada wa mumewe alimwambia kutoka kitini. "Nimekuonea huruma tangu juzi, sasa imeniisha."

Maumivu hayakuwa ya mchezo. Alikuwa ametolewa mfuko wa uzazi kwa sababu ya uvimbe. Dawa kali zilimtuliza, ila zilimtia kichefuchefu, na kila akitapika mshono ulivuta mpaka machozi yakamtoka. Zilipopunguzwa, maumivu yakarudi kwa hasira. Na daktari hakumung'unya maneno: leo ni lazima atembee, maana akizidi kulala damu inaweza kuganda miguuni, na hapo habari itakuwa nyingine. Asubuhi alijaribu kuinuka, akaishia kumng'ang'ania nesi shingoni. Moyoni alishaanza kuamini kwamba hatoki tena pale kitandani, na hilo hakumwambia mtu.

"Dawa utaendelea kumeza," mtaalamu alimweleza. "Sindano zinazisaidia tu, hazizifukuzi."

Akakubali shingo upande. Sindano zenyewe zilikuwa nyembamba kama unywele. Alichomwa mikononi na chini ya magoti, akafumba macho akingoja kufa. Badala ya kufa, akasinzia. Wifi mtu, mlinzi wa kutegemewa, naye akaanza kukoroma.

Mtaalamu aliporudi kutoka kwa mgonjwa mwingine alikuta kitanda kitupu, na sindano zake zimechomekwa ukingoni mwa godoro kwa mstari ulionyooka. Alizihesabu, jasho likamtoka. Moja haikuwepo.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Si huyu hapa," wifi alijibu, kisha akafumbua macho.

Wakatoka mbio. Fundi alikuwa kwenye korido, anatembea taratibu kando ya ukuta, mto ameukumbatia tumboni. Begani, gauni la wagonjwa lilikuwa limebanwa kwa sindano.

"Kamba ya gauni imekatika," alijitetea. "Ningepitaje mgongo wazi mbele za watu? Nimeamka, nimeona sindano zimezagaa mwilini, nikazikusanya. Kazini kwangu sindano haiachwi ovyo. Ila hizi zako hazina maana, zinapinda."

Mtaalamu aliichomoa ile sindano, akamtazama. "Hii niliichoma chini ya goti. Uliifikiaje?"

Fundi akautazama mguu wake. Ili kuifikia, alikuwa ameinuka mwenyewe, akainama, akanyoosha mkono mpaka mguuni. Nusu usingizini, kwa mazoea ya kazi, na hakuna aliyemshika. Maumivu yalikuwepo, hakuyakana, lakini yalikuwa yamesogea pembeni, yamempisha apite.

Furaha ikampanda mpaka kooni. Akaubana mto na kucheka, kile kicheko chake kinachojulikana mtaa mzima, ambacho hakuwa amethubutu kukitoa tangu apasuliwe. Mshono ukauma kidogo. Akaendelea kucheka.

"Haya, umeshinda," wifi alisema, akijifuta macho. "Turudi ukalale."

"Kalale wewe, uliyekuwa unakoroma," fundi alimjibu. "Mimi nafika pale dirishani."

Akafika, akagusa kioo, akageuka mwenyewe.