Alama za Miguuni mwa Princesse

Minye Hortense mdomo ninao, waulize majirani wote hapa Shituru. Nilipoona vidoa vyekundu miguuni mwa Princesse, mtoto wangu wa miaka saba, sikuuliza mtu. Kwetu vipele vya hivyo tunavijua: ni asidi ya kiwandani, inaingia nyumbani na nguo za kazi za baba. Nikamfokea Joëlle, dada mdogo wa mume wangu Urbain, aliyekuwa akitusaidia kulea.

"Weye unafua nguo za Urbain na za mutoto kwa beseni moja!"

"Hapana, yaya," akasema, maana aliniita dada mkubwa, "naziosha mbali-mbali. Na hivi havimuwashi. Hata fizi zinamutoka damu. Tumupeleke hospitali."

"Ulianza lini udaktari?" nikamkata.

Wiki iliyofuata zikaja alama za bluu, mapajani na mgongoni, kubwa kama kiganja. Hapo nikajua, au nilijidai kujua. Nikajifungia chumbani na Princesse. Nani alikupiga? Hakuna, mama. Nani? Nikamtikisa mabega, na sauti yangu hii! Mwishowe akalia, akasema, "Ni tantine," yaani shangazi yake, Joëlle. Mchana uleule Joëlle akapanda gari kurudi kwao Kapolowe, huku mfuko wake nimeutupa barabarani mbele za watu. Nilijiona mama wa kweli, Mungu anisamehe.

Siku kumi baadaye, Joëlle hayupo, zikatoka alama mpya mikononi. Urbain akambeba mtoto. Tukaenda hospitali. Muuguzi akaweka glasi juu ya vidoa, akakandamiza. Kipele cha kawaida kingefifia, alisema, lakini hivi vilibaki vyekundu vilevile. Ni damu, inavuja chini ya ngozi. Wakampima, wakatutuma Lubumbashi, na huko daktari akasema leucémie, yaani kansa ya damu. Dawa zipo, mama, ila mumechelewa kidogo.

Hicho kidogo ni changu. Sina wa kumsukumia.

Jana nikampigia Joëlle simu, nikamweleza yote. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Aliomba tu kusema na mtoto. Princesse akaipokea simu kwa mkono wenye sindano, lakini kabla ya kuiweka sikioni akanitazama, na niliona wazi kwamba ananiogopa.

"Mama," akauliza polepole, "sasa naweza kusema hakunipiga?"