Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Kulia

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali chakula naye, hakai naye mkeka mmoja, na akimwona anakuja njiani hujifanya ameona jambo la maana sana upande wa pili wa barabara. Ndivyo nilivyoishi miaka minne na Mama Tshiela, mama wa mke wangu Joyeuse. Viatu vyake vyote nilivijua. Sauti yake niliijua hata nikiwa usingizini. Sura yake niliiona kwa mbali kabla ya kuposa, basi.

Dawa ya jambo hili ipo. Mkwe hutoa mbuzi wa kufungua macho, mama mkwe humla, na tangu siku hiyo mnatazamana kama watu. Mbuzi wangu nilimtafuta, nikampata, nikamfunga nyuma ya nyumba kungoja Jumapili. Jumatano askari wakaupora mji wote wa Kolwezi, wakamla mbuzi wangu na kuondoka na mlango wa jiko. Hiyo ilikuwa 1991, na uporaji ule mpaka leo tunauita pillage. Baada ya hapo kila nilipotaka kutafuta mwingine lilizuka hili au lile, na nakiri kwamba nilizoea. Kutazama viatu vya mtu hakuchoshi.

Ukaja mwaka 1993. Watu wenye asili ya Kasai wakaambiwa warudi kwao, hata waliozaliwa hapa, ambao Kasai waliiona kwenye ramani ya shule tu. Waliowaambia hivyo hawakutoka mbali. Walikuwa vijana wa mtaa, wengine nilicheza nao mpira. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama Tshiela alipewa siku tatu kutoka katika nyumba aliyoikaa miaka ishirini na sita, akaenda kulala kwenye ukumbi wa parokia pamoja na mamia ya wenzake, wakingoja treni. Jina lake likasomwa kwa treni ya Alhamisi.

Joyeuse naye ni wa Kasai kwa baba na mama. Mimi, Nkulu, ni Mluba wa kaskazini mwa Katanga, dereva wa lori kubwa la mgodini, ingawa siku hizo lori lenyewe lilikuwa limesimama kwa kukosa magurudumu. Mke wangu angeweza kubaki kwa jina langu, mradi mwenye jina asimame mlangoni. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na habari za njiani hazikuwa njema: watu walikuwa wanakwama na treni kwa wiki nzima, juani, bila maji. Nilitaka abaki. Mwenyewe pia alitaka.

“Mi nataka kubakia,” aliniambia. “Lakini mama akikatala, ntaenda naye. Siwezi kuzalia mutoto mu laana.”

Basi akaenda parokiani kumwuliza mama yake, akarudi na jibu. Alilitoa akiwa amenipa mgongo, akiosha sahani ambazo zilikuwa safi.

“Mama anasema, miaka ine ameona utosi yako tu. Anauliza: mutoto yake amwachilie utosi?”

Lilinichoma. Siku nzima nilikasirika, nikapiga teke ndoo isiyo na kosa. Heshima yote ile, shingo yangu yote ile iliyoinama miaka minne, kumbe mwenzangu alikuwa anaihesabu kuwa woga!

“Bado kuna neno,” Joyeuse akasema nilipotulia. “Kesho asubui uende ku sirkwi. Atakuwa mu motokari.”

Hapo niliogopa kweli. Zamani kampuni ya migodi ilipokuwa na nguvu, wahandisi wa Kizungu walikuwa na klabu yao ya mbio za magari. Walishindana kwenye uwanja wa zamani wa ndege, nyuma ya vilima vya mawe yaliyotolewa machimboni. Walitandika lami ya mduara yenye kona sita, wakauita sirkwi. Mama Tshiela aliingia pale kuandika muda wa kila gari kwenye ubao, akaishia kuwa mwalimu wao. Awe mkurugenzi, awe daktari, hakuna aliyeruhusiwa kushindana kabla ya kuendesha mizunguko ishirini akiwa amekaa kando yake. Alikuwa na msemo mmoja, mji mzima uliujua: mutu ukitaka kumujua, umupeleke mu kona. Wazungu walipoondoka baada ya uporaji, Mwitaliano mmoja alimwachia gari lake jekundu la viti viwili, lenye injini ya kunguruma na paa ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuliegemea. Mapadri walilihifadhi uani kwao. Jirani yetu Mansour, mwenye malori, alitoa lita kumi za petroli, akasema ni za kumuagia Mama.

Nilimkuta ameshakaa kwenye kiti cha kulia, cha abiria, maana kwetu usukani huwa kushoto. Raba nyeupe, soksi za kijivu. Nilizitambua. Nikaingia kwa kujikunja, na hapo ndipo nilipogundua kuwa waliotengeneza gari lile hawakuwa na mama wakwe. Hakuna nafasi! Bega langu lilimgusa bega. Babu yangu angezimia. Nikajibandika mlangoni, macho kwenye usukani.

“Jambo, mukwe.”

“Jambo, Mama.”

“Funga mukaba. Twende.”

Nikawasha, nikapiga honi mara mbili.

“Unapigia nani honi?”

“Ni sheria ya mugodi, Mama. Mara mbili kwenda mbele, mara tatu kurudia nyuma.”

“Hapa lori hakuna. Hata huko kwenu hakuna tena. Twende.”

Lori langu hubeba mlima na kwenda kama mama aliyetoka sokoni. Gari hili niliposogeza mguu kidogo tu lilinipiga kiti mgongoni, na lami ikaanza kukimbilia chini yetu. Sikutegemea kufurahi. Nilikuwa nimekuja kuhukumiwa, tena mbele ya mtu nisiyeweza kumtazama, lakini tumbo langu lilicheka lenyewe. Waliosema haraka haraka haina baraka hawakupata kukalia kiti kile.

“Freni kwanza, kona nyuma,” Mama alisema kwa utulivu, kana kwamba anapanga vyombo. Nikakanyaga breki. “Achilia. Sasa macho. Macho inaenda mbele, motokari inafuata macho.”

Kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Nilitazama kule inakoishia, na gari likateleza humo kwa adabu. Ya pili ilikuwa ya kulia. Hiyo niliiingia nikitazama saa ya mwendo, na tukatokea nusu kwenye majani. Ya tatu, kulia tena: majani. Ya nne, kushoto: safi kabisa, hata Mama akaguna kwa kuridhika. Ya tano, kulia: tulikosa pipa la mafuta kwa upana wa mkono.

Hakufoka. Laiti angefoka. Mzunguko wa pili ulikuwa hivyo hivyo, na wa tatu gari likageuka kabisa, likazunguka kama pia, likasimama katikati ya vumbi likitazama tulikotoka. Injini ikazimika. Mahali fulani alilia ndege mmoja. Nikawaza: basi. Joyeuse ameshakwenda. Mtoto wangu atazaliwa kwenye behewa, na mimi nitabaki Kolwezi na ndoo niliyoipiga teke.

“Kushoto unaendesha kama bwana,” Mama Tshiela alisema. “Kulia unaendesha kama kipofu. Juu ya nini?”

Niliukodolea macho usukani. Ili kuona kona ya kulia lazima ugeuze uso kulia, na kulia alikuwa amekaa yeye.

Nikasikia anavuta pumzi.

“Ah! Ni juu yangu.”

“Ndiyo, Mama.”

“Na mbuzi?”

“Baaskari balimukula, Mama. Ku pillage.”

“Ilikuwa rangi gani?”

“Nyeusi. Na doa nyeupe ku mukia.”

“Muke ao mume?”

“Mume.”

“Ilinona?”

“Ilinona sana, Mama. Hata kulala ilikuwa inalala kwa shida.”

Nilimsikia Mama Tshiela akipapasa sketi yake, na kwa pembe ya jicho nikaiona mikono ikikunjwa tumboni kama mtu aliyetoka mezani.

“Basi ni mi niliikula,” alisema. “Ilikuwa tamu. Nimeshiba. Washa motokari, na kona ikikuya, angalia.”

Nikawasha. Honi ikalia mara mbili, mkono wenyewe ulijipeleka, na safari hii hakusema kitu. Tukashika mstari mrefu, tukapita kona ya kushoto, na ile ya kulia ikaanza kuja mbio. Freni. Kuachilia. Nikageuza kichwa.

Niliiona kona yote, mpaka mwisho wake. Na nilimwona yeye. Ilikuwa sura ya Joyeuse, ile ile, iliyoongezewa miaka thelathini na usingizi mbaya wa sakafu ya parokia. Wala hakuwa anaitazama barabara. Alikuwa ananitazama mimi.

“Bakikuya ku mulango,” alisema, katikati ya kona, magurudumu yakilia, “bakiuliza muke ya Kasai eko wapi, utaangalia wapi?”

“Ntabaangalia mu macho, Mama!”

“Na bakikupiga?”

“Batanikuta pale pale pa mulango!”

Nilijibu kwa kupiga kelele, kwa sababu ya injini. Sikuwa nimelifikiria jibu. Kwenye kona huna nafasi ya kutunga uongo, mikono yote ina kazi. Lakini nilipolisikia likitoka kinywani mwangu nilijua ni la kweli, nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe.

Tulizunguka mara nne zaidi. Kulia, kushoto, kulia. Majani hatukuyagusa tena. Kisha akanionyesha kwa kidole mahali pa kusimama.

Alikitazama kioo cha mbele kilichojaa wadudu.

“Mi nilikuya kutafuta sababu ya kubeba mutoto yangu,” akasema. “Nimeikosa.”

Niliona aibu kwamba furaha yangu ni kubwa kiasi kile mbele ya mtu anayefukuzwa mjini kwake. Akaniokoa kwa kunipiga kofi la bega.

“Shuka. Sasa uone namna banaendesha.”

Tukabadilishana viti. Alivua raba, akaendesha kwa soksi. Nilikuwa nadhani nimeshaenda kasi asubuhi ile. Kumbe nilikuwa nimetembezwa. Mama Tshiela hakuonekana kufanya kazi yoyote. Mikono yake ilisogea kidogo tu, kona ikaja, ikapita, na mimi nikashika mlango huku nikicheka kama mwehu, nikimtazama usoni bila woga, nikilipiza miaka minne. Kila kona ilikuwa na jina la mtu aliyewahi kuikosa, na alipopita aliiaga.

“Bakia muzuri, Kona ya Daktari! Bakia muzuri, Kona ya Padri!” Tulipofika pale nilipozunguka kama pia akanitupia jicho. “Na weye, Kona ya Mukwe, bakia muzuri!”

Alicheka kwa sauti. Ile ya mwisho, ndefu, ya kushoto, hakuiaga. Aliipita kimya, kila mzunguko aliipita kimya, na kila mara akaanza tena upya. Nilijua petroli inakwisha. Yeye alijua zaidi.

Gari lilikohoa kwenye mstari mrefu, likateleza polepole, likanyamaza karibu na barabara ya kwenda parokiani. Mama akakaa mikono juu ya usukani. Halafu akavaa raba zake.

“Tusukume,” akasema.

Tukasukuma, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, mkono wake mmoja ukiongoza usukani kupitia dirishani. Tulizungumza njia nzima, miaka minne ya maneno: kuhusu mimba, kuhusu namna Joyeuse alivyokuwa mkaidi utotoni, kuhusu jina la mtoto. Alinisema pia kwa ile ndoo. Joyeuse alikuwa amemwambia. Watu walisimama kututazama. Vijana watatu kwenye kona ya duka walianza kusema jambo. Nikawatazama, mmoja mmoja, mpaka walipopata shughuli nyingine.

Joyeuse alikuwa anakuja kutufuata na chakula, sufuria ya bukari, ugali wetu, imefunikwa kwa kitambaa. Alituona kabla hatujamwona. Alimwona mume wake na mama yake wakitazamana na kubishana juu ya jina, na hakuhitaji kuuliza. Akaweka sufuria chini, barabarani, akafunika mdomo kwa mikono miwili. Nilidhani ni furaha, na ilikuwa furaha. Kisha nikaona mabega yake, nikaelewa kwamba ameelewa na lile jingine: anabaki, kwa hiyo mama yake anaondoka peke yake.

Alikuja akajipenyeza nyuma ya gari, akaweka mikono yake juu ya bati jekundu la moto.

“Toka pale, una mimba,” Mama Tshiela akamwambia.

“Acha nisukume, Mama. Hata kidogo tu.”

Mama akamwacha. Kutoka pale hadi parokiani ilibaki kama kilomita moja, barabara tambarare, gari jepesi. Tungeweza kufika kwa robo saa. Hakuna kati yetu watatu aliyesukuma kwa nguvu.