Bangili Nyekundu ya Kifaranga

Kazi yangu mimi ni kuhesabu. Nahesabu seli za ubongo wa panya wachanga, nimeinamia hadubini tangu asubuhi mpaka shingo inakataa kugeuka, na naomba mtu asinicheke, maana wapo wanaolipwa kwa kupiga soga tu.

Pale maabara tunataka kujua hivi: mtoto akiugua vibaya siku zake za mwanzo, mwili ukajaa joto na uvimbe kwa kupigana na vijidudu, seli za ubongo zinazokua zinapata shida gani? Ubongoni mna seli walinzi. Siku za amani ni watunza bustani, wanapalilia na kupogoa. Uvimbe ukiingia wanatupa majembe, wanashika marungu. Mara nyingine wanarudi kazini kama kawaida, mara nyingine hawarudi sawasawa. Mimi masikio yangu yalishika hayo maneno ya mwisho tu, kwa sababu ya Kifaranga.

Kifaranga na Chifu ni mapacha wa kaka yangu, wasichana waliofanana mpaka kucha. Chifu alitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi na tangu hapo anatoa amri. Kifaranga aliugua akiwa na siku sita, maambukizi yakaingia kwenye damu, akalazwa wiki tatu na mipira puani. Alipona. Siku aliyotoka nilimvisha bangili nyekundu ya shanga tusimchanganye na dada yake, na kila ilipombana nilimtungia nyingine.

Sasa walikuwa na miaka minne, umebaki mwezi mmoja waanze shule. Na mimi na kiherehere changu nikajipa kazi ambayo hakuna aliyenituma. Nilinunua daftari nikaanza kuandika makosa ya Kifaranga. Kavaa viatu kinyume. Kasahau alikoweka kikombe. Kaitwa mara mbili, hajaitika. Kurasa zilipojaa nikampelekea wifi yangu, mama yao.

Wifi ni fundi cherehani, mtu wa vicheko hata uzi ukimkatikia. Siku hiyo hakucheka. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akachukua sare moja kati ya zile mbili alizoshona, akaikunja, akairudisha kabatini.

"Basi Chifu aende," alisema. "Huyu abaki nyumbani mwaka mmoja. Wewe ndiye unayejua mambo ya ubongo."

Kifaranga alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Aliuliza tu kama Chifu angemletea shule kidogo jioni. Jamani! Niliondoka pale nimeng'ata midomo.

Jumatatu nikarudi kwenye vioo vyangu, vile vipande vyembamba tunavyobandikia ubongo wa panya tuuweke chini ya hadubini. Kila kioo kina lebo iliyozibwa kwa karatasi ya gundi, ili anayehesabu asijue panya yupi aliugua na yupi hakuugua. Kimoja karatasi yake ilibanduka, nikaona: mgonjwa. Nikahesabu seli zilizovimba, kumi na nne. Bosi wangu, mwanamke asiyepoteza neno, huwa anarudia kuhesabu vioo vichache mwenyewe, na hicho akakichukua.

"Mimi naona tisa," alisema. "Uliona lebo."

"Ilibanduka yenyewe!"

"Sijauliza nani kaibandua. Ukishajua nani mgonjwa, jicho linatafuta ugonjwa. Ndiyo maana tunaziba."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Si kwa ajili ya kioo. Kifaranga alitembea na lebo mkononi, nyekundu, na aliyeifunga ni mimi! Na makosa ya Chifu je? Sikuwa nimeandika hata moja.

Jumamosi nilikwenda kwa wifi, nikamsimulia ya kioo, nikamwambia, "Nizibie, nisijue yupi ni yupi." Akawavisha magauni sawa, akawasuka sawa, bangili akaivua. Mmoja alimfunga utepe wa bluu, mwingine wa kijani, akaandika kwenye karatasi nani ni nani, akaificha chini ya cherehani. Watoto waliambiwa ni mchezo, atakayetaja jina hapati peremende. Wakafunga midomo kama majambazi.

Nikahesabu kutwa nzima. Wa kijani alitoa amri tangu asubuhi, mpaka mimi akaniamuru nikae kitako, nikajua tu, huyu Chifu. Wa bluu alivaa viatu kinyume, akamwaga maji, akaitwa akatazama dari. Jioni wa kijani ana makosa sita, wa bluu kumi na moja.

"Wa bluu ndiye Kifaranga," nilisema. "Nisamehe, wifi."

Wifi akakunjua karatasi. Akacheka mpaka akashikilia cherehani.

"Wa bluu ni Chifu! Chifu anavaa viatu kinyume tangu ajue viatu. Wewe lini umemtazama miguu?"

Nililia, nasema kweli, nililia nikicheka. Nikamwita Kifaranga nikamwomba radhi.

"Nimeshinda?" aliuliza.

"Umeshinda."

"Basi lete peremende. Na ya Chifu pia."

Nilipomsimulia bosi, alisema watoto wawili kwa siku moja si utafiti, wapelekwe kliniki. Tukawapeleka. Muuguzi aliwapangisha vibao, akawarukisha kwa mguu mmoja, akawauliza habari za picha. Akasema Kifaranga yuko sawa, aende shule, na arudi kila baada ya miezi sita aendelee kuangaliwa. Wifi alifika nyumbani akaenda moja kwa moja kabatini.

Siku ya kwanza niliwasindikiza mimi. Sare zilikuwa mbili, mabegi mawili, na bangili ilikuwa mfukoni mwangu. Waliingia getini wakikimbia, kisha mmoja wao akageuka, akarudi mbio, akanikumbatia magoti kwa nguvu zake zote.

Sikumuuliza yeye ni yupi.