Kidole Kwenye Ukingo wa Kioo

Rula alikuwa na wivu, na heri tuliseme hilo mapema tusipotezeane muda. Aliyemwonea wivu ni mtoto wa mama yake mdogo, jamaa aliyepachikwa jina la Asali kwa jinsi alivyojua kuzungumza na wateja. Wote wawili walikuwa mafundi wa vioo vya magari kwenye karakana ya mjomba wao. Mwezi ule mjomba alikuwa anafungua karakana ya pili, na alikwisha kusema ataikabidhi kwa mmoja wao. Rula alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini, Asali miwili.

Asubuhi moja mwalimu wa shule ya msingi alileta gari lenye ufa kwenye kioo cha mbele. Alitaka uzibwe tu. Rula akatoa rula mfukoni, ile iliyompa jina, akaupima.

"Hauzibiki," akasema.

"Hata hujajaribu?"

"Mama, nimesema hauzibiki."

Mwalimu akanuna. Ndipo Asali akajitokeza, kitambaa begani, tabasamu hadi masikioni.

"Shikamoo, mwalimu. Hebu tazama hapa. Lingekuwa tundu dogo la jiwe, kama kifungo cha shati, tungelijaza gundi na usingeliona tena. Lakini huu ufa umefika ukingoni, halafu unapita hapohapo unapotazamia barabara. Tukiuziba leo, kesho ukiruka tuta unaendelea na safari yake."

Mwalimu akacheka. "Basi badilisha, mwanangu. Na ubadilishe wewe mwenyewe."

Maneno yaleyale! Yeye kayasema kwa mkato akanuniwa, mwenzake kayapaka sukari akaitwa mwanangu. Roho ilimuuma Rula mpaka akahisi uchungu mdomoni. Na nani alimfundisha Asali kwamba ufa ukifika ukingoni hauna dawa? Ni yeye huyuhuyu Rula, kwa subira yake yote, siku ambazo Asali hakujua hata kushika kisu cha kukatia gundi.

Akasimama hatua mbili tu kutoka kwenye meza ya kazi, akijifanya anapanga vifaa. Kioo cha zamani kilikuwa kimeshatolewa. Asali akaupangusa ukingo wa kioo kipya kwa dawa ya kusafishia, pande zote nne, kwa utulivu. Mwalimu akamtupia mzaha, Asali akacheka, akavua glavu moja ajifute jasho. Alipokishika kioo tena, kidole gumba kitupu kikatua kwenye pembe ya chini, upande wa abiria.

Rula alikiona. Mafuta ya ngozi na gundi havipatani, kila fundi anajua. Dawa ilikuwa bado ipo mezani. Neno moja tu, pembe ipanguswe upya, mambo yaishe. Alikwisha kufungua mdomo.

"Huyu ndiye fundi bwana," mwalimu akasema.

Rula akaufunga mdomo wake. Gundi nyeusi ikapakwa, kioo kikainuliwa, kikawekwa, kikakandamizwa. Rula alijua kinachofuata. Pale karakanani gari halikabidhiwi mpaka fundi wa pili akague na kutamka mbele ya mjomba, "Kimekaa." Na fundi wa pili siku hiyo alikuwa yeye.

Mjomba akatoka ofisini. Rula akalizunguka gari polepole, akiinama hapa, akibonyeza pale, akiufaidi kila mwendo.

"Hakijakaa," akasema. "Kitolewe."

"Kina nini?" mjomba akauliza.

"Pembe ya chini, upande wa abiria. Kaishika kwa kidole kitupu baada ya kuisafisha. Gundi haitashika vizuri pale. Gari likigonga, ule mfuko wa hewa wa kumkinga abiria ukifumuka unaweza kukisukuma kioo nje."

Asali akaitazama mikono yake. Uso ukamshuka. "Kweli, kaka. Nilivua glavu. Mwalimu, naomba unisamehe sana."

Rula akatoa kifua mbele. Kwa hesabu zake karakana ya pili ilikuwa imeshapata mwenyewe.

Mjomba akainama kwenye ile pembe. Akaichungulia kwa nje, kisha akaingia ndani ya gari akaichungulia kwa ndani. Kote kulikuwa ni gundi na weusi mtupu. Akatoka, akajinyoosha.

"Mbona hapa hakionekani kidole wala nini?"

"Gundi imefunika, mjomba."

"Kwa hiyo hukukiona sasa hivi." Akamgeukia Rula. "Ulikiona lini?"

Rula akajibu, "Kabla hakijawekwa."

"Ukiwa umesimama wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Mjomba akapima kwa macho umbali kutoka pale hadi mezani.

"Siti hiyo anakaaga mama yangu," mwalimu akasema, bila kumtazama yeyote.

"Asali, kitoe, uanze upya," mjomba akasema. "Ukimaliza uje uchukue funguo za kule. Wewe Rula utabaki hapa na mimi, nikuone."

Asali hakusherehekea. Alikuwa amejiinamia, machozi yamemlenga. "Kaka, si ungeniambia tu," akasema.

Mwalimu akamsogelea Asali, akamshika bega, akampa pole. Na Rula, Mungu amsamehe, hata pole ile aliionea wivu.