Kipande cha Kondo

Wamucii alikuwa kwenye pindo la tatu la nepi ya pili wakati mama mkwe wake, Waithira, alipoingia na kiondo cha viazi kutoka Burnt Forest. Hakuinuka. Alikanyaga cherehani hadi mwisho wa kitambaa, akakata uzi kwa meno.

"Mimba ya miezi minane, nepi mbili," Waithira alisema akikaa. "Huyo mtoto atavaa kwa zamu na nani?"

Wamucii aligeuza nepi kwa pindo la nne. Tangu arudi peke yake nyumbani, mtaa wa West Indies, majuma machache kabla ya watu kupanga foleni kupiga kura, akamwacha mumewe Gathogo masomoni Uingereza, hakuwa amemweleza mtu walichosema madaktari. Kifungua mimba wao alikufa akiwa mchanga, kwa hiyo huko ng'ambo madaktari walimpima mapema. Walichukua kipande cha kondo la nyuma, wakakuta chembe zake zina kromosomu moja zaidi. Baadaye wakapima maji ya uzazi. Mtoto akaonekana hana kasoro. Kosa limebaki kwenye kondo, walisema, ila kondo la namna hiyo huweza kuchoka mapema, mtoto akakosa chakula angali ndani. Juzi daktari wa hapa mjini alimpima tumbo, akasema halijakua vya kutosha.

"Mama, daktari anataka kondo likitoka lipelekwe maabara."

Waithira akaacha kutoa viazi. "Kondo ni langu kufukia, kwenye shamba lisilolimwa, na nafaka juu. Likipotelea hospitali, utazaa tena?"

Wamucii akamweleza yote, polepole, kama alivyoelewa yeye.

"Kwa hiyo mtoto ni mzima, ila ananyonya titi bovu."

"Ni kama hivyo."

Waithira akatoa kiazi kingine. "Basi daktari akate kipande, kama walivyokata wale Wazungu. Kilichobaki anipe mkononi, nisikikute jaani." Kisha akauliza, "Gathogo anajua tumbo halijakua?"

"Hajui. Ana mitihani."

"Na wewe huna?"

Jioni Waithira alienda kulala kwa dada yake, mtaa wa Pioneer. Nyumba ikanyamaza. Wamucii aliweka kiganja chini ya mbavu, akangoja. Mtoto hakusogea. Labda alikuwa amelala.

Akatandaza kitambaa kilichobaki na kukikata chote, mraba baada ya mraba, bila kujua kama nepi hizo zingevaliwa. Mwanga ulipokwisha, aliziacha mezani bila pindo. Angezipinda kesho, akitoka kliniki.